Vidole Gumba vya Jumamosi

Kwenye benchi la Mama Wacera, nje ya kibanda cha kutengeneza simu hapa Eldoret, siri haimalizi kikombe kimoja cha kahawa. Asubuhi hiyo Nasike alikaa pembeni ameinama kama mtu aliyeachwa na mume, na afadhali angekuwa ameachwa. Yeye ndiye aliyetengeneza programu ya maziwa ya wakulima wa Moiben. Hakuiandika yote, nani huandika yote? Aliunganisha vipande vya programu vya bure, vilivyoandikwa na watu asiowajua na kuachwa wazi mtandaoni, yeyote achukue, yeyote akague. Kukagua ilikuwa kazi ya kikundi cha Jumamosi, yeye na wenzake wa benchi: ukishasoma kipande ukaona ni salama, unaweka alama ya kidole gumba kwenye grupu la simu. Sasa kipande kimoja kimebeba mwizi. Kimezoa namba za simu za wakulima, na juzi familia ya mzee mmoja ilitumiwa ujumbe kwamba amekufa. Mchana chama cha maziwa kinakutana, na Nasike ataulizwa kama vipande vilivyobaki ni salama.

— Mwenye kipande alichoka tu, akasema Mbuthia, fundi wa simu, ambaye benchi lilimbatiza Waya. Miaka yote anafanya bure, hakuna wa kumwambia asante. Akatokea msee mpole, mtu asiyemjua, lete nikusaidie. Akampa funguo za kukibadilisha.

— Wapi. Hao ni wanunuzi wa maziwa wa huko Turbo, akasema Kipkoech, anayeitwa Kamati kwa kuwa hakuna kikundi asichokuwamo. Wanataka kujua ng'ombe wa nani anakamuliwa zaidi.

— Nyinyi, huyo mwenye kipande mmewahi kuona sura yake? akauliza Mama Wacera akimimina. Jina tu. Hakuna mtu hapo. Ni mashine ilijizaa yenyewe, na itawamaliza wazee wa Moiben mmoja mmoja, kwa ujumbe.

Nasike hakucheka.

— Lakini kilikaguliwa, akasema polepole.

— Sana, akasema Waya. Vidole gumba vilijaa grupu nzima.

— Hata vikundi vya Nairobi vilituonea wivu, akasema Kamati.

Mzee mmoja mwenye gambuti zenye matope alikuwa amesimama nyuma yao.

— Nimeambiwa watu wa programu ya maziwa huketi hapa. Mimi ndiye niliyekufa.

Mama Wacera akamsogezea nafasi na kikombe.

— Pole, Mzee.

— Si neno. Nyumbani walikuwa wameshasimamisha hema la matanga. Nauliza tu: hicho kipande, nani alikisoma?

Waya akamtazama Kamati. Kamati akamtazama Nasike. Naye Nasike alikumbuka vizuri: aliweka kidole gumba chake baada ya kuona vya hao wawili vipo, bila kusoma.

— Nimesema, nani alikisoma?

Mama Wacera alitikisa birika. Halikuwa na kitu. Mzee aliendelea kungoja, akiwatazama mikono, kwenye vidole gumba.