Mjomba Aliyetumwa Kaunti ya Halden

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya, Baba Paroko, wazee wenzangu, ndugu wageni waalikwa kutoka Peckham hadi Edmonton, nanyi vijana mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza: habari za jioni.

Mnajua kwamba Noel, kijana huyu Mmarekani aliyeketi mbele na bibi yake, Mama Lydia, ameleta posa kwa mpwa wangu Blandina, na kwamba dada yangu Gaudensia amekataa kujibu mpaka leo. Aliniambia, “Kaka Protas, mimi ni mgeni hapa Thamesmead tangu mtoto huyu hajazaliwa. Naye akawe mgeni huko maisha yake yote? Nenda kaangalie.”

Nikaenda Iowa, Kaunti ya Halden, mahindi mpaka upeo wa macho. Sasa, katika ukoo wetu anayetumwa kuchunguza haonji chakula cha wenyeji kabla hajaridhika. Nani angemweleza hayo Mama Lydia, aliyekwisha kuoka pai ya tufaha? Nilipoikataa akasema, “Basi tutakutafutia njaa,” akanipakia kwenye pikapu yake.

Akanionyesha mahakama ya matofali mekundu, ambayo saa yake, kwa maneno yake mwenyewe, “imedanganya kuliko mawakili wote waliopita humo.” Akanionyesha daraja la mbao lililoezekwa paa ili theluji isiliozeshe, na shule ya chumba kimoja aliyosoma, sasa makumbusho, ambako dawati lake bado lina jina alilolichonga kwa kisu. “Nilichapwa kwa hilo,” akacheka, “leo watalii wanalipiga picha!”

Je, nilivutiwa? Sana. Je, nilikula? Bado.

Mwisho tukafika makaburini. Katikati kabisa ya ukoo wake, si pembeni, amelala bibi aliyeolewa kutoka Norwei bila kujua neno la Kiingereza, na jiwe lake limeandikwa kwa lugha ya kwao. Nikauliza kwa nini. Mama Lydia akanishangaa: “Alikuwa mama yetu. Tungemwandikia kwa lugha gani nyingine?” Kila Mei wajukuu hulisafisha jiwe lile, na wakubwa huwafundisha wadogo kulisoma.

Mimi nimezeekea ugenini, nimesoma historia za mataifa mengi. Hakuna iliyonigusa hivyo. Nikasema, “Mama Lydia, ile pai ipo?”

Dada Gaudensia, nilitumwa, nimeona, na nimekula. Binti yako atakuwa mgeni mwanzoni, kama sote tulivyokuwa, lakini hatabaki mgeni. Jibu ni lako.

Naona ameinuka. Anamwendea Mama Lydia, anamkumbatia, anamwita “mkwe.” Akina mama, mnangoja nini kupiga vigelegele?

Nawashukuru nyote. Asanteni kwa kunitegea sikio.