Mpanda Farasi Aliyekuwa Akienda na Kurudi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliotoka karibu na mbali kuja kumsindikiza, marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi cherehani na mama muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, na kwa maelezo ya mama alichelewa kuzaliwa wiki mbili nzima, jambo ambalo waliomfahamu hawalishangai hata kidogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme wa mitambo mwaka 1992 na mwaka huohuo akaajiriwa kutengeneza lifti, kazi aliyoifanya hadi maradhi yalipomtoa, mara nyingi akiwa peke yake gizani juu ya kibanda cha lifti, tochi mdomoni, huku watu wa chini wakimtukana fundi bila kujua kwamba anawasikia.

Alifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1999, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2002, na ndoa ikafika mwisho 2012, kimyakimya, bila hata sahani kuvunjika, mama na binti wakahamia nchi nyingine. Tukisema kwamba baada ya hapo aliishi kwa furaha tele tutakuwa tunawadanganya, na yeye uongo wa misibani hakuupenda: alibaki na chumba, meza, kompyuta na kiti kimoja.

Kwenye meza hiyo alicheza gemu za mikakati, na kwa kuwa wengi wetu tulidhani gemu ni gemu tu, yafaa ieleweke leo, kama alivyomweleza kila aliyefanya kosa la kuketi karibu naye, kwamba kuna za papo kwa papo, ambamo majeshi yote yanakwenda kwa pamoja na anayepepesa macho ameliwa, na kuna za zamu, ambamo unacheza hatua yako kisha unamngoja mwenzako, hata akikaa mwezi. Binti alipenda zile za kwanza, akimtania kwamba baba anacheza kama mtu anayengoja lifti, naye akijibu kwamba za binti si mikakati, ni kuzima moto.

Alijirekodi pia akitazama trela, zile video fupi za kutangaza gemu ambazo bado hazijatoka, akishangilia, akiguna, akibishana na skrini, hata majirani wakaamini ana mgeni, na siku moja mama wa mlango wa pili akamletea vikombe viwili vya chai, naye akavipokea vyote viwili na kushukuru kwa niaba ya mgeni.

Februari 2024 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Wakati huo yeye na binti walikuwa na gemu moja ya zamu, waliyoianza miaka mitano nyuma, na binti alikuwa amebakiza mji mmoja, usio na mlinzi. Tangu siku hiyo, zamu baada ya zamu, baba alimpeleka mpanda farasi mmoja hadi mtoni, kisha akamrudisha. Binti alimwandikia, baba umezeeka, mji uko wazi huuoni, naye akajibu kutoka kitandani kwamba anauona vizuri, ila farasi amechoka.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, alfajiri. Binti aliwasili siku mbili baadaye, akafungua gemu yao kwenye simu ya baba, akaona kwa mara ya kwanza upande wa pili wa mlima, ambao mpinzani haonyeshwi: jeshi zima la baba, limejipanga, limekaa hapo tangu Februari. Kushinda kungekuwa mwisho wa gemu.

Familia inawashukuru madaktari, na muuguzi wa usiku aliyehakikisha simu ile haizimiki. Majirani, na chai ya mgeni. Na mafundi wenzake, ambao leo wamewaacha watu wapande ngazi.

Tunao wapwa wenye vidole vyepesi, kwa hiyo tunasema mbele ya wote: zamu bado ni yake, na binti ameomba mtu yeyote asiicheze. Pumzika kwa amani, ndugu yetu, wala usiharakishe; mwenzako anangoja.