Emiliana Malai Ndahani na Ngoma ya Kucha za Shaba

Ndugu waombolezaji, familia ya Ndahani wa Mkonze inawasomea kwa ufupi maisha ya mpendwa wetu Emiliana Malai, mke wa ndugu yetu Pantaleo, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Wilbert.

Emiliana alizaliwa tarehe 12 Aprili 1970, katika kijiji cha wakulima wa mpunga mkoani Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, akasoma huko hadi alipohitimu chuo cha sanaa mwaka 1991. Ngoma ya jadi ya kwao, inayochezwa taratibu na wanawake waliovaa kucha ndefu za shaba, alifundishwa na bibi yake tangu utotoni, na mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa akikunjwa vidole kwa nyuma kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mpaka vikalainika.

Akiwa mwalimu wa ngoma huko, alikutana na Pantaleo, aliyekwenda kusomea kilimo, akafuatana naye mpaka Dodoma, akabatizwa kwa jina la Emiliana, wakafunga ndoa takatifu tarehe 12 Desemba 1998. Siku hiyo alitokea ukumbini amevaa kucha zake ili awachezee wageni, lakini mama mkwe wake, Bibi Sidonia, akidhani ni mambo ya uganga, alisimama akamwambia akazivue, naye akaenda kuzivua, akarudi kuketi kando ya mumewe, na kwa miaka mingi hakucheza tena mbele za watu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Wilbert mwaka 2000 na binti mwaka 2003, ambaye Emiliana mwenyewe ndiye aliyetaka aitwe Sidonia. Kuanzia mwaka 2004 alifundisha shule ya awali hapahapa Mkonze.

Mwaka 2012 Bibi Sidonia alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya Mvumi, na aliporudi nyumbani vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa, basi Emiliana akawa anakaa naye kila jioni, akimkanda na kumnyoosha kidole kimoja kimoja kama alivyofanyiwa na bibi yake, hadi mama akaweza kushika kijiko mwenyewe. Tarehe 20 Julai 2014, kwenye sherehe ya kipaimara cha Wilbert, mama alimwita Emiliana mbele ya wageni akasema, "Mwanangu, siku yako nilikukatalia. Nenda kavae kucha zako, utuchezee." Emiliana alikawia ndani, hata baadhi yetu tukadhani hatatoka, kisha akatoka, na akina mama waliokuwa wakipiga ngoma za muheme wakalazimika kupunguza mwendo ili wamfuate.

Tangu hapo, mahafali, kumuaga binti, hata mtu kustaafu, Mkonze ilimwita, naye kabla ya kucheza aliomba kwanza aonyeshwe mwenye sherehe, kwa kuwa alifundishwa kumchezea mtu, si umati.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Dada yake alimsihi arudi Thailand akauguzwe, akajibu kwamba kwake ni hapa walipo watoto wake. Novemba mwaka jana, Sidonia alipohitimu chuo, mama yake hakuweza kusimama, akacheza ameketi, kwa mikono mitupu, kwa maana kucha zilikuwa zimemlemea. Alifariki dunia nyumbani, alfajiri ya tarehe 9 Machi 2025, ameshikwa mkono na mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, jumuiya yetu, na majirani ambao tangu Jumapili hawajaacha jiko letu lipoe, pamoja na dada yake, anayetusikiliza sasa kwa simu kutoka Chiang Mai, na ambaye Pantaleo atamtafsiria maneno haya.

Emiliana, Malai wa kwao na Mama Wilbert wa kwetu, umefika nyumbani, pumzika kwa amani.