Benchi ya Mbele

Mwaka ule sisi Wakasai tulipofukuzwa turudi jimboni kwetu, treni ilitutoa Kolwezi tukiwa tumekalia magodoro yetu. Pembeni yangu Mama Laurentine alimsimulia abiria asiyemjua habari za binti yake, Laure, aliyekaa katikati yao. "Alishinda examen ya kwaya siku ya posho, Jumamosi. Ku kwaya ya mutaa yetu ya Kapata, mugeni anaanzaka benchi ya nyuma. Yee balimutia ya mbele, mu soprano!" Sisi tuliziacha nyumba, yeye aliililia benchi.

Yule abiria, mzee aliyeitwa kwa heshima Tata Muteba, alikuwa mwalimu wa kwaya ya mtaa mwingine, Musonoi. "Kule Kapata banatiaka batoto mbele mbio sana," akasema. "Aimbe hapa."

Laure akaimba. Behewa zima likaitikia, hata mimi ambaye kanisani huombwa nipige makofi tu.

"Alto, benchi ya nyuma ya soprano," Tata akaamua.

"Alto ya wapi, tata? Uko na masikio kweli?"

"Alto haiko matusi, mama."

Wakabishana mpaka Tenke, treni iliposimama na wafukuzwa wengine wakajaa mlangoni. Tata Muteba akawanyooshea mkono. "Mupande, mupande! Nani anaimbaka besi?"

Mzee mmoja mwenye godoro kichwani akanguruma, "Mi. Nikae wapi?"

"Nyuma!" Mama Laurentine akamwahi. "Mugeni anaanzaka nyuma."