Haikuwa Kura, Ilikuwa Kondo la Nyuma

Wamama wa kikundi, mmeniomba nisimame, basi mnivumilie, kwa sababu hii stori bado hunikasirisha.

Wakati wa vita vya kura nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikikaa Mashimoni na bwanangu. Miguu ikafura mpaka slipa zikakataa kuingia. Majirani wakaniambia ni kuzunguka nikitafuta maji. Kichwa kikauma siku nne. Wakasema ni moshi wa tairi. Nikaanza kuona vinyota. "Hiyo ni teargas ya polisi, mama." Ndugu zangu, nawaambia, hata muuza dawa hakuniangalia. "Kila mtu ana presha wiki hii," akasema, akanipa tembe za kichwa. Na mimi nikaamini.

Tukahamia kwa dadangu, Kawangware. Jirani yake, nesi aliyestaafu, alinikuta nikifua. Hata hakusalimia. Alinibonyeza mguu, shimo likabaki.

"Umepimwa mkojo?"

"Bado. Ni haya mambo ya kura tu."

"Nani amekuambia miguu inapiga kura?"

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Presha ilikuwa juu sana, na kwa mkojo kulikuwa na protini. Nikamwambia daktari basi nitaacha maharagwe. Akashusha pumzi, akanieleza polepole. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa protini zake lenyewe. Kuna zinazosaidia mishipa ya damu kukua, na kuna zinazoizuia. Langu halikupata mishipa ya kutosha, likamwaga zile za kuzuia kwa damu yangu, zikaumiza mishipa yangu mpaka figo zikaanza kuvuja.

"Si chakula, si mawazo," akasema. "Na haitaisha mpaka mtoto atoke."

Nililia kwa hasira. Kumbe nilikuwa nakufa huku watu wakinielezea siasa.

Walinipasua siku hiyo hiyo. Msichana, mdogo kama nusu mkate. Nikamlaza kifuani wiki baada ya wiki. Sasa yuko darasa la tatu na hanisikizi.

Namshukuru yule nesi, na dadangu aliyetubana sote kwa chumba kimoja bila kununa, na bwanangu aliyenifulia bila kujali kucheka kwa watu.

Wewe mwenye mimba, kichwa kikikataa kupona, usitosheke na jibu la jirani. Itisha kipimo cha presha na kichupa cha mkojo. Wakikuambia ni mawazo, kaa hapo kwa benchi mpaka wapime.