Mupimaji wa Uwanja wa Kahawa

Bunia, mumeamkaje, wasikilizaji wapendwa? Leo sauti yangu iko na hasira, na sitaificha. Tunamukumbuka Baba Médard Ukumu, mupimaji wa mwanga. Tulimuzika Jumanne ya wiki iliyopita, kando ya barabara ya Mahagi.

Mupimaji wa mwanga ni nani? Jicho la satelaiti linachakaa, wasikilizaji, na kule juu hakuna fundi wa kulitengeneza. Basi mutu anasimama chini, anapima mwanga wa mahali pamoja kwa chombo, saa ileile satelaiti inapita na kupima palepale. Ofisi ya satelaiti inalinganisha vipimo hivyo viwili, inasahihisha jicho. Kazi hiyo Baba Médard aliifanya miaka tisa, kwenye uwanja wa zamani wa saruji wa kukaushia kahawa. Miaka tisa!

Uwanjani hapo wamama wanaanika mihogo. Hakuwafukuza hata siku moja. Walipatana: siku ya satelaiti, mbele ya saa nne, mihogo inatoka, uwanja unafagiwa. Mama Pétronille, mujane wake, anakumbuka walivyomutania: "Papa Médard, satelaiti yako inaogopa fufu ya mihogo?" Alicheka mpaka machozi.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Mama Jeannine, mumoja wa wamama hao, alikuwa amefiwa, wamama wote wako kwake. Mihogo ilibaki, nyeupe, uwanja muzima. Pétronille akamuuliza mume wake kwa nini asiitoe mwenyewe.

"Weye! Niguse chakula ya mutu iko kwenye kilio?"

Akaandika kwenye daftari, akatuma nakala ofisini: "Leo uwanja iko na mihogo. Sikupima. Musitumie siku hii."

Wakaitumia! Wakachukua kipimo cha zamani, cha uwanja mutupu, wakakilinganisha na picha ya mihogo, inayong'aa kupita saruji. Wakafikiri jicho limezidisha mwanga, wakalipunguza. Toka hapo picha zikatoka za giza. Na ofisi ile ya mbali ikasema nini? Eti Médard alilala nyumbani, akatunga kipimo kile. Nakala ya daftari hawakufungua. Wakamunyang'anya chombo cha kupimia mbele ya majirani, kama mwizi.

Kila siku ya satelaiti aliendelea kufagia uwanja, mikono mitupu. Alirudi, anasukuma sahani bila kula. "Banamuita muongo," Pétronille anasema, "na ye hajadanganya hata mutoto." Tension, presha ya damu, ikamupanda. Akafa akiitwa muongo. Inauma, jamani!

Siku tatu kisha maziko, barua ya ofisi ikafika. Monsieur Médard, tumesoma daftari yako, ulisema kweli. Chombo kinarudi. Tafadhali utume kipimo cha kesho.

Cha kesho! Neno la pole, hakuna.

Mama Pétronille na watoto, poleni sana. Bunia tunalia pamoja nanyi. Na weye uliye ofisini, uliye na mutu chini yako: fungua daftari yake angali muzima. Fikiria hilo leo.

Maana siku iliyofuata barua ile, Pétronille alitoka matangani, akafagia uwanja pamoja na wamama. Mihogo ilitoka yote. Saa nne satelaiti ikapita. Kisha akachukua daftari ya mume wake, akaandikia ofisi jibu:

"Uwanja iko safi. Mupimaji hayuko."