Shati Halikuwa na Kosa

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ninayesoma ndiye niliyemfuata.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1986. Darasani hakung'ara, ila akiwa darasa la sita aliikata suruali ya baba ya kazini akajishonea kaptura. Alichapwa, lakini alipomaliza shule baba mwenyewe alimpeleka kwa fundi cherehani akajifunze.

Mwaka 1993 alifungua chumba cha ushonaji ghorofani, nyuma ya posta, nami nikakaa kwenye cherehani ya pili. Mteja akilalamika kwamba nguo inambana, Fundi hakugusa mkasi kabla ya kumpima upya. Ndivyo alivyompata shemeji yetu. Alirudisha gauni, akapimwa mara tatu siku hiyohiyo, hadi akauliza, "Fundi, hicho kipimo bado hukijui tu?" Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili.

Januari mwaka huu alianza kusema mashati yanambana kifuani, hasa akipanda ngazi na majora ya vitambaa. Hakujipima. Alinipa shati, nikafumua mishono ya ubavuni na kuongeza nafasi. Akaleta la pili. Kufikia Agosti nilikuwa nimepanua mashati saba ya mtu ambaye hakuwa amenenepa hata kidogo, na sikujiuliza. Binti yake mkubwa alipanda hadi dukani akamwambia, "Baba, shati halina kosa. Twende ukapimwe moyo."

"Nikapimwe? Mimi ndiye ninayepima watu."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na binti akashuka ngazi peke yake.

Jumanne tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, alifungua kifungo cha juu, kisha cha pili, akaniambia, "Mdogo wangu, na hili nalo umelibana." Hakusema tena. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya moyo ilikuwa imeziba kwa muda mrefu, na kwamba kipimo kingeonyesha mapema. Tangu siku hiyo sijui niyapeleke wapi maneno hayo.

Jana tulimvalisha. Shati lilimpwaya, ikabidi nilikunje mgongoni na kulibana kwa pini.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada zetu wawili, na mimi, mwenye miaka hamsini na mmoja, ambaye hadi leo sijapimwa. Wanaume wa rika letu mliokaa hapo, mnaofungua vifungo na kusingizia joto, nendeni. Binti yake mkubwa amesema atanipeleka mimi Jumatatu, na safari hii hakuna aliyecheka.

Lala, Fundi. Hakuna kinachokubana tena.